Vitu Vyenye Mwisho

Siku hizi kabla sijanunua kitu huwa namuuliza muuzaji swali moja, na wenye maduka wa hapa Songea wamenizoea, wananicheka tu: hiki kinaishaje? Sina maana kitadumu miaka mingapi. Nataka kujua kama kina mahali pa kufikia, pale mtu anaposema nimemaliza, akanyanyuka, akaenda kufanya mengine. Riwaya ina ukurasa wa mwisho. Shamba la mahindi lina siku ya kuvuna, na hata bei ikiwa mbaya, msimu umekwisha na jembe linarudi uvunguni. Lakini vitu vingi tunavyouziwa sasa havina mwisho, na siamini kwamba mafundi walisahau kuuweka. Vimetengenezwa hivyo kwa makusudi.

Aliyenifumbua macho ni mama yangu mdogo, anayekaa Lizaboni, hapa hapa Songea. Ana presha, na mwanawe aliyeko Dar es Salaam alimnunulia saa janja Kariakoo, zile za kioo cheusi na mkanda wa mpira, akaituma kwa basi. Nia ilikuwa njema kabisa. Daktari amesema mama atembee, basi saa itamhesabia. Likawekwa lengo la hatua 10,000 kwa siku. Mwanzoni mama mdogo aliitii, akawa anazunguka uwanja wa nyumba jioni ili namba itimie. Halafu akaanza kuisema.

Alikuwa akienda bombani na kurudi na ndoo kichwani, mikono yote miwili imeishika ndoo, na saa haihesabu kitu. Akisimama kwenye kinu akitwanga, bila kusogea hata unyayo mmoja, hesabu inapanda. "Saa yenu hii inapenda kinu," aliniambia. "Miguu haiijui."

Alisema kweli. Saa ya mkononi haioni miguu. Ndani yake kuna kipimo kidogo kinachohisi mtikisiko wa mkono, na programu inayokisia kwamba mtikisiko wa namna fulani ni hatua. Mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa kupanda mlima, mikono imekaza usukani, jasho linamchuruzika, kwa saa hiyo ni kama hajatoka nyumbani. Mapigo ya moyo nayo husomwa kwa taa ya kijani iliyo mgongoni mwa saa: damu hunyonya mwanga wa kijani, na moyo unapopiga, damu huongezeka kwenye mishipa ya ngozi, mwanga unaorudi ukapungua. Huo ni ujanja mzuri na sina ugomvi nao. Usingizi ndio unaokisiwa, kwa kuangalia mkono uliotulia na moyo uliopunguza mwendo, ingawa asubuhi saa inautangaza kwa dakika na kwa rangi kana kwamba ilikuwa imelala nawe kitanda kimoja.

Hata hizo hatua 10,000 hazikutoka hospitali. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani ilitoa kifaa cha kufunga kiunoni cha kuhesabu hatua na kukiita Manpo-kei, kipimo cha hatua elfu kumi. Namba ilianza maisha yake kwenye boksi la bidhaa. Watafiti walikuja kuipima miaka mingi baadaye. Mwaka 2019 I-Min Lee wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake wazee 16,741 wa Marekani. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 41 kuliko waliotembea 2,700, na faida iliendelea kuongezeka hadi karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Nilimweleza mama mdogo habari hiyo polepole. Akaniuliza, "Kwa hiyo mimi nimepangiwa na wafanyabiashara wa Japani?"

Lakini kilichomchosha hasa ni saa sita usiku. Ikifika hapo, saa inafuta kila kitu na kuanza sifuri. "Jana nimepalilia tangu alfajiri mpaka jua la utosi," alisema. "Leo naamka, inaniambia sijafanya kitu." Mama mdogo si mgeni wa kazi zinazojirudia. Amefagia uwanja ule ule maisha yake yote, ameosha vyombo vile vile. Tofauti ni kwamba ufagio haumtikisi mkono akiwa kanisani, katikati ya mahubiri, kumkumbusha kwamba amekaa sana.

Zamani saa ilikuwa na adabu. Mwalimu mkuu wangu wa kwanza alivaa Casio F-91W, ile ndogo nyeusi ya plastiki ambayo nusu ya walimu na madereva wa nchi hii wamewahi kuivaa. Betri yake hukaa karibu miaka saba. Ilimwambia saa ngapi, na hapo kazi yake ilikuwa imeisha mpaka aiulize tena.

Kitu kingine kinachojua kuisha kipo kwenye steshenari yetu pale Majengo, ninakosaidia jioni. Nasema yetu, lakini ni ya mke wangu, mimi ni mwalimu wa Kiswahili na pale ni kibarua asiyelipwa. Kazi zenyewe zinajulikana: kutoa kopi vyeti vya vijana wanaoomba ajira, kuchapa barua, kupiga picha za pasipoti, kusaidia wazazi na fomu za mkopo wa chuo. Kwenye kona ipo kompyuta ya zamani, monita ya chogo, CPU iliyokuwa nyeupe sasa imekuwa rangi ya chai ya maziwa, ndani ina Windows 98. Ilitufikia ikiwa mtumba. Flashi haizitambui, na intaneti ya leo haiiwezi. Sijaitupa kwa sababu ina magemu mawili matatu, na mojawapo ni Prince of Persia.

Gemu hili lilitengenezwa na Mmarekani Jordan Mechner, akalitoa mwaka 1989 kwa kompyuta ya Apple II, mashine ambayo hata wakati huo watu walishaanza kuiita ya kizamani. Toleo la kompyuta za aina ya hii yetu lilikuja mwaka 1990. Hadithi yake ni fupi. Kijana mwenye mavazi meupe amefungwa kwenye gereza lililo chini ya kasri. Huko juu, waziri mwovu Jaffar amempa binti wa mfalme saa moja ya kuchagua: aolewe naye au afe. Basi unazo dakika 60 za kumvusha kijana huyu kwenye mashimo, misumari inayochomoka sakafuni na milango inayokata mtu vipande viwili. Ukikosea anakufa, na unairudia hatua ile mara nyingi upendavyo. Dakika ndizo hazirudi.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alikuja kutoa kopi akalikuta gemu liko wazi. Baada ya shikamoo na marahaba, akavuta stuli.

"Mwalimu, mbona hili gemu halina matangazo?"

"Halina."

"Na bando halili?"

"Halili."

"Sasa maisha yakiisha unanunua wapi mengine?"

Nikamwambia hayauzwi. Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kwamba babu alikulia bila viatu. Lakini alikaa. Akarudi kesho yake, akarudi tena, mpaka mama yake akapiga simu kuuliza kama tumemwajiri.

Nilichokuwa nakingoja ni afike kwenye kivuli. Hapa inabidi nieleze kidogo, maana ndipo ubora wa gemu hili ulipo. Mechner alitaka mtu wake akimbie na kuruka kama binadamu, kwa hiyo mwaka 1985 alimchukua mdogo wake David, akampiga video akikimbia, akiruka, akidandia ukuta, kisha akachora kila picha kwa mkono ndani ya kompyuta. Mwendo ule laini ulikula karibu nafasi yote ya kumbukumbu ya mashine. Hakukuwa na mahali pa kumweka adui mwingine. Mwenzake, Tomi Pierce, alikuwa akimsumbua kila mara kwamba bila mapigano gemu litachosha. Mwishowe Mechner akapata ufumbuzi: achukue picha zile zile za kijana na kuzigeuza kwa mbinu ya hesabu, atoke mtu wa pili bila kuongeza chochote kwenye kumbukumbu. Ndivyo kivuli kilivyozaliwa.

Kwenye hatua ya nne kuna kioo kimeziba njia. Unalazimika kukikimbilia na kukirukia, na unapopita upande wa pili, kivuli chako kinaruka upande mwingine na kutoweka. Tangu hapo kinakufanyia visa. Kinakunywea dawa iliyokuwa ikusaidie, kinakufungia mlango ukaporomoka shimoni. Karibu na mwisho kinasimama mbele yako na upanga. Ukikipiga, damu inayopungua ni yako. Ukikiua, umekufa.

Kijana yule alikipiga jioni kadhaa. Mimi nilikaa kimya, na mke wangu nilimkonyeza naye akae kimya, ingawa swali kama hilo siku hizi unaliandika kwenye simu na jibu linakuja kabla hujamaliza kuandika. Siku aliyorudisha upanga alani, akamwendea mwenzake mikono mitupu, na wote wawili wakawa mtu mmoja, alipiga kelele mpaka mteja aliyekuwa amekaa mbele ya kitambaa cha bluu akageuza shingo, ikabidi picha ya pasipoti irudiwe. Dakika zilizobaki zilikuwa chache sana na Jaffar alikuwa bado mzima. Hakumfikia. Lakini alipotoka nje alikuwa anatembea kama mtu mwenye jambo la kufikiria, na hilo sijaliona mara nyingi kwa mtoto aliyeinua macho kutoka kwenye simu.

Kuna wanaosema kwamba sisi wazee tunayapenda magemu ya kale kwa sababu ya ujana wetu. Huenda, lakini huku kwetu ujana haukuwa na gemu lolote. Serikali ilikuwa na kompyuta tangu miaka ya 1960, pale Wizara ya Fedha, kisha mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini ukapigwa marufuku, na katazo halikuondolewa kabisa mpaka miaka ya 1990. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Songea umeme ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, kwa mgao, mpaka njia kubwa ya kutoka Makambako ilipotuunganisha na gridi ya Taifa mwaka 2018. Kwa hiyo Prince of Persia lilitufikia likiwa limeshazeeka, na kijana wa watu alikufa mara nyingi zaidi kwa umeme kukatika kuliko kwa upanga wa Jaffar. Ladha yake haikuwa imepungua. Kitu kilichokamilika hakiharibiki kwa kuchelewa njiani.

Mtu anaweza kunipinga kwa kunitajia Tetris. Alexey Pajitnov alilibuni Moscow mwaka 1984, na halina mwisho: vipande vinashuka mpaka ushindwe. Nilikuwa nalikubali hilo kama doa kwenye hoja yangu. Kisha mwezi Desemba 2023 kijana wa miaka 13 wa jimbo la Oklahoma, Marekani, akacheza toleo la zamani la Nintendo mpaka hatua ya 157, na mashine yenyewe ikaganda. Kwa zaidi ya miaka 30 hakuna binadamu aliyekuwa amefika hapo. Ikaonekana kwamba mwisho ulikuwepo muda wote, kwa kuwa mashine ile ilikuwa na kikomo chake. Pac-Man la mwaka 1980 nalo huvurugika kwenye hatua ya 256, maana hesabu ya hatua ilihifadhiwa kwenye nafasi isiyozidi 255. Wale mafundi wa zamani hawakuwa watakatifu. Umaskini wa mashine ndio uliowabana, na kubanwa huko kukatupa sisi kitu cha kumaliza. Gemu la simu la leo halibanwi na chochote. Linakupa zawadi ukiingia kila siku, linakunyang'anya mlolongo wako usipoingia, na likiona umekaribia kileleni linaongeza mlima kwa intaneti usiku ukiwa umelala.

Sasa nije kwenye riwaya, maana ndiyo kazi yangu ya mchana.

Wanafunzi wangu wana malalamiko ya kudumu juu ya Euphrase Kezilahabi. Mzaliwa huyu wa Namagondo, Ukerewe, aliyefariki Januari 2020, aliandika Rosa Mistika mwaka 1971, kitabu kilichopigwa marufuku mashuleni kwa muda, na Kichwamaji mwaka 1974, juu ya Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye elimu imempa maswali ikamnyima majibu. Malalamiko ni haya: "Mwalimu, mbona anaishia vibaya?" Wanataka ukurasa mmoja zaidi, mtu aokolewe, baba aombe radhi, harusi ifungwe. Huwa nawauliza huo ukurasa wangeuandika vipi. Darasa linawaka moto. Mabinti wanapendekeza hivi, wavulana wanakataa, kengele inalia hakuna anayesikia. Mwandishi amenyamaza kwa makusudi ili wao waseme. Angekuwa anaandika tamthilia ya televisheni angemfufua kila aliyekufa, na darasa langu lingekuwa limelala.

Baadaye Kezilahabi aliandika Nagona na Mzingile, vitabu vyembamba ambavyo msomaji anaweza kuvimaliza kwa siku moja na asijue ameingia wapi ametokea wapi. Navyo vina ukurasa wa mwisho. Nimewahi kumaliza Nagona jioni na kubaki nayo kichwani mpaka mvua za mwaka uliofuata.

Adui wangu hapa ni kile kitabu chembamba cha uchambuzi kinachouzwa kando ya riwaya na mara nyingi badala yake. Ndani utakuta dhamira zimepangwa, wahusika wamepewa sifa tano tano, mafunzo yameorodheshwa tayari kwa mtihani. Uchambuzi unahesabu dhamira jinsi saa ya mama mdogo inavyohesabu hatua: unasajili mtikisiko na kuikosa safari. Mwanafunzi anaweza kutaja dhamira zote za Kichwamaji na asijue Kazimoto alikuwa anaumwa nini. Mtihani hautamgundua. Mimi namgundua nikimuuliza alihuzunika ukurasa gani.

Haya yote nayasema nikiwa katika mji unaojua vizuri zaidi ya miji mingi jinsi jambo lisilo na mwisho linavyotesa. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa viongozi na wapiganaji wa Wangoni waliokuwa kwenye vita vya Majimaji. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu una jina lake, naye alinyongwa. Kila mwaka mwezi wa pili tunakusanyika kwenye makumbusho pale mtaa wa Mahenge, ngoma zinapigwa, wageni wanatoka mbali. Kaburi la Songea liko peke yake, na wazee wanasimulia kwamba halina kichwa, kwamba kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Familia yake imekidai miaka yote. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa mwenyewe, akakutana na kizazi cha Mbano, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliyatenda, na akaahidi kwamba nchi yake itasaidia kutafuta.

Siku zile watu walibishana sana mjini. Wapo waliosema msamaha umefunga jambo. Mimi nilikuwa upande wa waliosema bado, na sijahama. Msiba ambao mwili haujakamilika kaburini haujafika arobaini. Kuomba radhi ni jambo kubwa, sikatai, lakini wajukuu wa Mbano hawakusubiri zaidi ya karne moja wasikie sentensi. Wanasubiri kuzika.

Baada ya ujio ule nilisoma tena Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, riwaya yake ya mwaka 2020, mwaka mmoja kabla ya Mzanzibari huyu kupewa Tuzo ya Nobel. Ameiandika kwa Kiingereza. Wanaotaka kumsoma kwa Kiswahili wanayo Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake nyingine, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota. Katika Afterlives kaka anaondoka kwenda kupigana upande wa Wajerumani, na dada anabaki kumsubiri. Vita vinaisha, Wajerumani wanaondoka, Waingereza wanakuja, watoto wanazaliwa, na bado hakuna habari. Kusubiri kule kunaingia ndani ya nyumba kama mpangaji asiyelipa kodi wala kuhama. Hatimaye mtoto wa dada, aliyepewa jina la mjomba wake, ndiye anayefika Ujerumani na kufungua majalada. Gurnah anatumia kurasa chache tu kutuambia alichokikuta. Nilipoifunga riwaya ile nilielewa kwa nini familia ya Mbano haiwezi kuambiwa "yaliyopita si ndwele". Wanachodai ni ukurasa wao wa mwisho, na uko kwenye boksi la mtu mwingine.

Ndiyo maana napata hasira kidogo, naomba nisamehewe, nikiona mtu mwenye uwezo wa kumaliza jambo anauziwa kwa fedha yake mwenyewe jambo lisiloisha. Walionyimwa mwisho wanaulilia. Sisi tunaukimbia. Tunaogopa kumaliza kitabu kwa sababu tutabaki wenyewe, tunaogopa gemu liishe kwa sababu kuna usiku mrefu mbele, tunaogopa hata sherehe iishe, mshereheshaji anaambiwa aongeze nusu saa wakati bibi na bwana harusi wamechoka wanataka kwenda kulala.

Mama mdogo alilimaliza la kwake bila falsafa. Alimpigia mwanawe simu, akamwambia, "Baba, hii saa nakushukuru, ila niondolee hiyo kelele ya hatua." Mwanawe akamwelekeza kwa simu wapi pa kubonyeza, mimi nikiwa nimeshika mkono wa mama na kubonyeza kwa niaba yake, tukakosea mara kadhaa, saa ikabadilika kuwa ya Kichina, tukairudisha. Sasa inamwonyesha saa ya dawa yake ya presha, na mapigo ya moyo akitaka kuyajua. Kutembea anatembea. Asubuhi anakwenda kanisani kwa miguu na kurudi, na akifika nyumbani, amefika.

Yule mwanafunzi wa kidato cha pili alimfikia Jaffar likizo ya Desemba. Akamaliza, binti wa mfalme akamkimbilia kijana wetu, wakakumbatiana, na baada ya hapo hakuna kitu tena. Alikaa akitazama kioo. "Ndiyo basi?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo basi. Nikamfungulia kabati, nikamkopesha Kichwamaji.

Nawe msomaji, ukiwa na mtoto anayekaribia umri huo, usianze na saa janja. Riwaya za Kezilahabi bado zinapatikana, na ukikosa dukani, ulizia maktaba ya mkoa au mwalimu wa Kiswahili aliye karibu nawe, wengi wetu tunazo nakala zilizochakaa. Mpe aisome yote mwenyewe, umnyang'anye uchambuzi kama anao. Mwisho wa Kichwamaji sikuusema humu, na tafadhali usimwambie.